Kila Geji Ni Spitfire

Neno linalouza zaidi kwenye biashara ya vifaa vya ndege za kivita za zamani ni Spitfire. Pita kwenye minada ya mtandaoni jioni moja ujionee. Geji nyeusi ya duara, kioo kina mikwaruzo, mshale umelala kwenye sifuri: "ya Spitfire". Geji nyingine, mshale umevunjika: "aina ya Spitfire". Ya tatu, ambayo mgongo wake umeshika kutu kama bati la banda la kuku: "Spitfire au Lancaster". Ukiyaamini matangazo haya, utadhani Uingereza ilipigana Vita vya Pili vya Dunia kwa ndege za aina mbili tu, halafu ikazileta zote Gikomba zikatwe spea.

Nayajua matangazo haya kwa sababu nimelipwa kuyaandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa kuandika, na kusema ukweli maelezo ya bidhaa yamenilipia nyumba mara nyingi kuliko hadithi. Kwa miezi kadhaa nilimwandikia muuzaji mmoja wa ng'ambo: yeye anatuma picha, mimi natuma maneno 80. Mwanzoni niliichukulia kama kazi ya kubonyeza tu, ipite, doo iingie. Baadaye nikaona niko ndani ya utanzu kamili, wenye kanuni zake, shujaa wake, na uongo ambao wote wameshaukubali. Kwa hivyo nataka kuuhakiki jinsi ningehakiki riwaya.

Hoja yangu ni moja. Wakusanyaji wa vifaa hivi wamejenga namna ya kusoma kitu kwa makini ambayo sisi watu wa fasihi tungefaa kuionea wivu. Halafu wanasimama hatua moja kabla ya pale ambapo kusoma kunaanza kuuma.

GEJI SITA

Tuanze na kitu chenyewe. Ukiwa angani ndani ya wingu, mwili wako unakudanganya. Ndege inaweza kuwa inapinda polepole kuelekea ardhini na wewe kwenye kiti unahisi umekaa sawa kabisa. Marubani wengi wa miaka ya mwanzo walikufa hivyo. Tarehe 24 Septemba 1929, kwenye uwanja wa Mitchel Field, New York, rubani Mmarekani Jimmy Doolittle alifunikwa ndani ya chumba chake asione nje, akapaa, akazunguka, akatua. Kulikuwa na rubani wa pili kwenye kiti kingine kwa ajili ya usalama, lakini Doolittle mwenyewe aliongozwa na redio na geji: altimita ya Paul Kollsman ya kupima mwinuko, na vifaa viwili vya kampuni ya Sperry vilivyotegemea jairo, yaani gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi na kukataa kuyumbishwa. Kimoja kilimchorea upeo wa macho wa bandia, kingine kilimpa mwelekeo.

Kufikia 1937, jeshi la anga la Uingereza, RAF, lilikuwa limepanga geji sita kwenye paneli moja. Safu ya juu: kasi, upeo wa bandia, na kiwango cha kupanda au kushuka. Safu ya chini: mwinuko, mwelekeo wa jairo, na geji ya kuonyesha ndege inavyokata kona na kuteleza. Paneli hiyo iliingia kwenye Spitfire, sawa, hakuna anayebisha. Lakini iliingia pia kwenye Hurricane, Wellington, Mosquito na Lancaster. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Rubani akihamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, macho yasianze kutafuta.

Sasa unaiona shida ya tangazo. Kitu kilichobuniwa makusudi kifanane kila mahali kinauzwa kana kwamba kina kwao pamoja tu.

KUSOMA MGONGO

Mkusanyaji makini haanzi na uso wa geji. Anaigeuza. Mgongoni au ubavuni kuna bamba dogo au chapa, na hapo ndipo kazi inaanzia.

Kwa vifaa vya Uingereza, anatafuta taji na chini yake herufi AM, chapa ya Air Ministry, wizara ya anga. Wizara hiyo ilianza 1918 na ikamezwa na Wizara ya Ulinzi 1964, kwa hivyo chapa peke yake inakupa mipaka ya muda. Kisha anasoma namba ya stoo. Ikianza na 6A, hicho ni kifaa cha ndani ya ndege. Ikianza na 6B, uko kwenye familia ya vyombo vya uelekezaji na saa. Wapenzi wa saa wanaijua 6B/159, saa ya mkononi waliyogawiwa marubani na waelekezaji. Baada ya hapo kuna aina, namba ya mfululizo, wakati mwingine mwaka.

Vya Ujerumani vina lugha yao. Namba inaanza na Fl, na badala ya jina la kiwanda mara nyingi utakuta herufi za siri tu. Zilitumika ili adui akiokota mabaki ya ndege asijue kiwanda kiko wapi akaenda kukipiga bomu. Rangi pia zinaongea: manjano ni mafuta ya kuendeshea injini, kahawia ni oili. Vya Marekani vingi vina herufi AN, ishara kwamba jeshi la nchi kavu na la majini walikubaliana juu ya kipimo kimoja.

Halafu kuna kusoma majeraha. Skrubu zilizoliwa meno zinasema geji imefunguliwa na mtu asiye fundi. Namba nyeupe zinazong'aa kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki, kwenye kifaa cha miaka themanini, zinasema uso umepakwa upya. Bamba safi kwenye mwili uliochakaa linasema bamba limehama. Hata geji halali kabisa haina maisha ya mstari mmoja: ilitolewa, ikapelekwa karakana, ikarekebishwa, ikafungwa kwenye ndege nyingine. Mwaka ulio kwenye bamba ni wa kuzaliwa. Haukwambii ilikofanya kazi, wala ilistaafu lini.

Ninachopenda kwa wakusanyaji wa aina hii ni kwamba wanajua kusema "hapa ushahidi umeisha". Uliza mmoja wao kama altimita yako ilikuwa kwenye Spitfire, atakwambia: ni ya aina iliyotumika kwenye Spitfire, na kwenye nyingine nyingi, basi. Atakwambia pia kwamba kuna tofauti. Geji ya mafuta, kwa mfano, hupimwa kulingana na ukubwa wa tanki, kwa hivyo inaweza kukufikisha kwenye ndege fulani. Altimita haina tanki. Hupima shinikizo la hewa, na hewa haina mwenyewe.

Huo ni uhakiki. Ni kuheshimu maandishi yaliyopo, kujua utanzu, kugundua mkono wa mhariri aliyepita baadaye, na kukataa kumwekea mwandishi maneno mdomoni. Nimesoma tahakiki za vitabu zenye nidhamu ndogo kuliko hiyo, zingine kwenye majarida yenye heshima zake.

Muuzaji niliyemwandikia hakuwa wa kundi hilo. Niliandika kwamba geji fulani ni "ya aina iliyotumika kwenye ndege nyingi za RAF". Akanijibu kwa maneno mawili: ongeza Spitfire. Nikamwambia bamba halisemi hivyo. Tangazo lilitoka likiwa na Spitfire, bila sentensi yangu, na sikulipwa hata hiyo sentensi. Simlaumu sana. Anauza hadithi, na hadithi ya Spitfire ni tamu: vijana wachache, mwaka 1940, wanalinda kisiwa chao dhidi ya Hitler. Ukiitundika hiyo sebuleni, kila mgeni anajua uko upande gani.

Shida ni kwamba neno moja tamu linafunika mengine. Na kuna mambo mawili hasa ambayo Spitfire inayafunika.

KINACHOBAKI KIKIACHA KUWAKA

La kwanza liko kwenye rangi yenyewe. Ili rubani asome geji usiku bila taa ya kumpofusha, namba na mishale vilipakwa rangi yenye rediamu. Rediamu ilichochea madini mengine kwenye rangi hiyo, yakatoa mwanga wa kijani. Madini hayo huchoka baada ya miaka kadhaa, mwanga ukafa. Rediamu haichoki: baada ya miaka 1,600 hivi, nusu yake bado ipo. Kwa hivyo geji ambayo haiwaki tena, namba zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, bado inatoa mionzi. Ikiwa imefungwa na kioo chake ni kizima, hatari kubwa inabaki ndani. Ukiifungua ukakwangua rangi ili "kuirudishia uzuri", unavuta vumbi lake.

Waliojua hili mapema walilijua kwa miili yao. Miaka ya 1910 na 1920 huko Orange, New Jersey, wasichana wa kiwandani walipaka saa na vifaa vya jeshi kwa brashi nyembamba, na walifundishwa kuichonga ncha yake kwa midomo. Taya zao zilioza. Watano walishtaki kiwanda, kesi ikamalizwa kwa makubaliano 1928, na wengine wao hawakuishi kuzeeka.

Na mabaki yana tabia ya kurudi. Kule Dalgety Bay, Scotland, ndege zilizokuwa hazihitajiki tena baada ya vita zilivunjwa, vifaa vyake vikachomwa na majivu yakafukiwa karibu na bahari. Chembe za rediamu zilianza kugunduliwa ufukweni 1990. Kazi ya kusafisha ilikamilika 2023. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi tangu vita viishe.

Kwenye matangazo mengi niliyosoma, kama rediamu imetajwa, imetajwa kama kionjo: "rangi asilia ya kuwaka". Ni kama kumsifia mtu kwa homa yake kwa sababu inampa mashavu mekundu.

WALIOKUWA CHINI YA MITI

La pili linatuhusu zaidi. Ndege za RAF hazikustaafu 1945. Zilikuja huku.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya mnamo Oktoba 1952. Mwaka uliofuata RAF ilileta Harvard, ndege za mafunzo zilizofungwa bunduki na mabomu madogo, zikapewa jina la Kikosi cha 1340 na kuruka juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Novemba 1953 zikaja ndege kubwa, Avro Lincoln, zikakaa Eastleigh, uwanja ambao leo unaitwa Moi Air Base. Ndiyo, Islii hii hii ya vitambaa na simu. Zilidondosha mabomu ya ratili 500 na 1,000, yaani karibu kilo 225 na kilo 450 kila moja, hadi katikati ya 1955. Misitu ilikuwa imetangazwa eneo la marufuku, na mtu aliyekutwa humo angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Waliolengwa walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Serikali iliwaita Mau Mau.

Sasa tazama ukoo wa ndege hiyo. Lincoln ilianza kwenye karatasi kama Lancaster ya aina ya nne na ya tano, kabla ya kubadilishwa jina. Iliendeshwa na injini nne za Merlin, za ukoo ule ule uliokuwa kwenye Spitfire. Mashabiki wa Spitfire huongea juu ya sauti ya Merlin kama vile sisi tunavyoongea juu ya benga: wanafunga macho. Kuna wazee Nyeri na Nyandarua waliosikia Merlin nne kwa pamoja, na walifunga macho kwa sababu nyingine.

Kwenye matangazo yote niliyoandika au kusoma wakati wa ile kazi, sikuona hata moja lililosema: aina hii ya geji ilitumika pia kwenye ndege zilizopiga mabomu Kenya. Si kwamba watu hawa hawajui historia. Wanajua skrubu ipi iliingia mwaka gani. Ni kwamba utanzu una shujaa mmoja, na shujaa huyo hafiki 1953.

Hebu rudi kwenye paneli ya geji sita uisome tena. Kasi. Upeo. Kupanda. Mwinuko. Mwelekeo. Kona. Hakuna hata moja inayotazama chini. Zinamwambia rubani kila kitu kuhusu ndege yake na hakuna chochote kuhusu aliye chini yake. Hilo si kosa la ubunifu. Geji hizo zilitakiwa kumtoa mtu hai kwenye wingu, na zimewatoa wengi. Altimita ikisoma futi 14,000 juu ya Nyandarua, hapo kwenye vilele vya karibu futi 13,000, inasema kweli. Lakini kipimo chake kinaanzia kwenye kiwango ambacho rubani ameiwekea kwa kuzungusha kitufe. Msitu haumo kwenye hesabu, wala aliyejificha ndani yake. Mkusanyaji anayesoma bamba kwa ustadi wote ule, halafu akaishia kwenye bamba, anaendeleza mtazamo wa paneli yenyewe: kila kitu kuhusu ndege.

USINIPE UONGO MWINGINE

Najua pingamizi linakuja, na ni la haki. Mtu atasema: wewe unalalamika wanabandika Spitfire bila ushahidi, sasa unataka wabandike Nyandarua bila ushahidi. Tofauti iko wapi?

Sitaki hivyo. Mtu akiniletea geji kesho aniambie hii ilikuwa kwenye Lincoln iliyoruka kutoka Eastleigh mwezi fulani, nitamuuliza swali lile lile: bamba linasema wapi? Una karatasi gani? Maumivu yetu hayatupi leseni ya kubuni. Tena yakianza kuuzwa, nawahakikishia, kutakuwa na geji nyingi za "Mau Mau" kuliko ndege zilizokuwepo. Soko halina aibu. Likigundua kwamba hatia inauza kama ushujaa, litaifungia kwenye boksi na kuituma kwa posta.

Ninachodai ni kidogo na ni kigumu zaidi. Kama utataja familia, taja familia yote. Ukisema "aina iliyotumika kwenye Spitfire", tayari umetoka kwenye bamba na kuingia kwenye ukoo. Umechagua binamu mwenye sura nzuri ukamleta mezani. Mlete na yule mwingine. Hilo halihitaji ushahidi mpya hata kidogo. Ni ushahidi ule ule unaokuruhusu kutaja Spitfire.

Wengine watasema, wacha, ni geji tu, mtu anataka kitu kizuri ukutani. Ni kweli ni kizuri. Uso mweusi usiorudisha mwanga, namba nyeupe zisizo na mapambo, kila mstari una kazi. Kampuni ya Bell & Ross ilitengeneza saa nzima ya mkononi, BR 01, kwa kufuata sura ya geji za ndege, na watu wakaipenda. Mimi mwenyewe naipenda sura hiyo. Lakini uzuri huo ulitokana na kukataa kumdanganya msomaji. Kila kisichosaidia kusoma kiliondolewa, manake rubani akikosea kusoma anakufa. Kuchukua kifaa chenye uaminifu wa namna hiyo na kukipa lebo ya uongo ni kukosa kukielewa hata kama urembo.

Na sisi je, vijana wa Nairobi ambao wengi wetu hatutawahi kununua geji ya 1941? Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu ndio tunaoandika maelezo haya, kwa malipo madogo, kwa majina yasiyoonekana. Lebo za vitu vya dunia zinapitia kwenye laptop zetu, mitaani Roysambu na Rongai, na ukikaa kimya hapo umekaa kimya kwa niaba ya wengi. Pili, tunajua lebo ikikosekana inagharimu nini. Mafaili ya kikoloni kuhusu Kenya yalikaa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ikayalazimisha kutoka 2011. Miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya watu 5,200 walioteswa. Karatasi zilikuwepo wakati wote huo, na hakuna aliyekuwa akiambiwa.

Kwa hivyo hii hapa lebo ambayo ningeandika leo, kwa muuzaji yeyote atakayeikubali:

"Altimita ya RAF. Bamba la nyuma lina taji na herufi AM, na namba ya stoo inayoanza na 6A. Aina hii ilifungwa kwenye ndege nyingi za Uingereza, za kupigana, za mabomu na za mafunzo. Ndege za jeshi hilo zilipigana Ulaya kati ya 1939 na 1945, na zilipiga mabomu misitu ya Kenya kati ya 1953 na 1955. Haijulikani hii ilikuwa kwenye ndege gani. Uso una rediamu, usiifungue."

Ni maneno chini ya 80, na anayeiuza bado anaweza kuweka bei yake. Bei itashuka kidogo, pengine. Basi ishuke.